Chandarua Kilichobaki Nyumbani

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Kabla ya lolote, nijulishe kama homa imekwisha au imepungua tu, maana wewe husema umepona ungali unatetemeka. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ng'ambo imenikamata magoti. Darasani nimewazidi wote umri, hata mwalimu wangu. Vijana hunifungulia milango kama mgonjwa.

Nina jambo la kukiri. Unakumbuka mwaka jana nilivyozunguka kijijini kwetu Chumbi na madodoso ya masomo yangu ya uzamivu, nikihesabu vyandarua. Nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa, wenyewe wamekwenda bondeni kulinda mpunga, wakilala madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo. Jirani mwenye ufunguo alinifungulia, nikaona chandarua juu ya kitanda, nikaandika kwamba watu wa nyumba ile wanajikinga. Niliandika hivyo hata kwetu.

Huku, hesabu zikakataa. Wenye vyandarua waliugua malaria sawasawa na wasio navyo. Nilitafuta kosa kwenye kompyuta miezi mitatu. Kisha ukanipigia simu mchana ule, nami nikakuuliza kwa ukali kwa nini unaugua wakati chandarua nilikununulia mwenyewe. Ukanijibu taratibu:

“Baba Zuhura, chandarua kiko nyumbani. Mimi niko dunguni tangu mpunga ulipoanza kuzaa. Mbu wa bondeni nimwambie anisubiri nirudi?”

Nilicheka, kisha nikaliona kosa langu. Mimi niliyelelewa juu ya nguzo za dungu, nikifukuza ndege shambani, nimehesabu vitanda nikawasahau watu.

Nilimweleza mwalimu wangu, mama asiyependa maneno mengi. Akasema sura nzima ifutwe, nirudi nikahesabu upya bondeni. Kwa hiyo masomo yataongezeka msimu mmoja, nami nilikuahidi kuwa msimu huu ungekuwa wa mwisho. Kwa umri wetu msimu si kitu kidogo. Nisamehe.

Nitafika mpunga wa msimu ujao utakapoanza kuzaa. Mwombe kaka yako aongeze vipandio vya katikati kwenye ngazi ya dungu. Magoti haya hayapandi kama zamani. Nisalimie mama mkwe, na binti yetu Zuhura, umwambie akusomee barua hii bila kuruka maneno.

Dungu lako litakuwa la kwanza katika hesabu mpya, lakini usiningoje. Chandarua cha chumbani kifungue leo, ukipandishe dunguni.

Mumeo akupendaye,
Baba Zuhura