Mabeseni Kumi na Moja ya Ndagala

Mama Mukubwa wangu,

Kutoka kwetu Kasenga mpaka kwako Nyakabere ni safari ya asubuhi moja tu, na mimi imenichukua mwaka mzima kuanza hata kuandika. Usitafute sababu nyingine, ni aibu tu. Nikishika kalamu nakumbuka uso wako, naiweka chini, nafua, napika, naenda masomo. Leo nimejilazimisha. Ukimaliza kusoma barua hii, tafadhali ichome. Utaona mwenyewe kwa nini.

Acha nianzie pale uliponianzisha. Nilikuwa mwaka wa pili wa kontabilite, masomo ya uhasibu, nakariri debi na kredi kama sala, lakini sijawahi kushika kaye ya mtu yeyote, daftari la biashara halisi. Prof wetu alituambia kila mmoja ajitafutie watu wa kuwaandikia hesabu kabla ya kumaliza, kwa sababu diploma bila mteja hata mmoja ni karatasi ya kufungia karanga. Nikazunguka maduka ya Kasenga wiki mbili. Mwenye duka la misumari na mabati alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akaniuliza nimetumwa kununua nini. Nilirudi nikilia, na mama, mdogo wako, akakueleza. Kesho yake ulinikuta nafagia uani ukaninyang'anya ufagio. Ukasema, "Weye utatuandikia siye."

Siye maana yake ilikuwa kikundi chenu cha akina mama mnaonunua ndagala mbichi, visamaki vya ziwa, kwenye mitumbwi, mkazianika, mkawauzia wachuuzi. Wewe ndiye uliyetunza ghala. Ulinishika mkono mpaka kwenye mkutano wenu ukawaambia huyu ndiye kontable wetu. Mama mmoja akauliza vipi, si angali anasoma? Ukamjibu kwamba hata daktari alianza kwa kumchoma mtu sindano vibaya. Wakacheka, nikapokelewa. Mshahara wangu ulikuwa sahani ya ndagala kila wiki na vocha ya simu, nami nilitembea barabarani kama mtu aliyeajiriwa benki.

Tulikuwa tunakaa mkekani mlangoni pa ghala, wewe na kaye yako iliyonuka samaki, mimi na rula yangu. Beseni likiingia ulichora mstari, likiuzwa ulikata ule mstari. Ulinicheka kwa sababu nilipiga jedwali la safu sita ili kuandika kitu ulichokiandika wewe kwa mkwaruzo mmoja. Lakini ulikuwa na subira na mimi. Ulinifundisha kumtambua mchuuzi anayelipa na yule anayeahidi sana, na kumwuliza mtu swali la pesa bila kumvunjia heshima. Hayo darasani hayapo. Nilikuwa na furaha sana siku zile, Mama Mukubwa, na sijui kama niliwahi kukuambia.

Kisha nikaona viduara. Hapa kimoja, pale kimoja, mahali ambapo mstari ulipaswa kukatwa. Nikakuuliza ni vya nini. Ukasema, "Hivyo uviache, mwanangu. Usivihesabu." Nikauliza tena siku nyingine. Uliinuka ukaenda kugeuza samaki juani.

Ningenyamaza. Au ningekufuata pale juani nikakuuliza tukiwa wawili, mtoto na mama yake. Lakini ripoti yangu ya staji, ile kazi ya mafunzo niliyoifanya kwenu, ilitaka kosa lililogunduliwa, na prof alikuwa na msemo wake, kwamba kontable hana ndugu. Msemo huo niliupenda mno. Niliurudia njiani kana kwamba unanirefusha kimo. Mjinga mimi.

Jumamosi ile ya mkutano wa kikundi nilivaa blauzi nyeupe ya kuazima na kushika karatasi zilizochapwa kwa mashine. Nilisoma kwa Kifaransa kwanza, ili waone, kisha kwa Kiswahili, ili waelewe. Viduara kumi na kimoja, mabeseni kumi na moja. Nikasema upungufu huo unamhusu mtunza ghala. Jina lako sikulitaja, kana kwamba kulikuwa na mtu mle ndani asiyejua mtunza ghala ni nani.

Nilingoja ujieleze. Kweli nilitegemea ujieleze, nami niandike maelezo yako kwenye safu ya mwisho. Ulitazama mara moja upande wa nyuma wa chumba, kisha ukanitazama mimi. Ukasema polepole, "Kama mutoto ameandika, basi miye nitalipa."

Na ulilipa. Uliuza cherehani yako, ukauza vitenge ulivyoweka kwa ajili ya harusi ya Furaha, binti yako, na bado ukaenda kuozesha binti ukiwa umevaa kitenge cha mwaka juzi. Halafu ukamfuata Furaha huko Nyakabere kwa mume wake, kulima mpunga na watu wasiokujua. Siku ya kuondoka ulipita kwetu kuaga. Mama alikuambia nimeenda masomo. Sikwenda masomo. Nilikuwa chooni, nimejifungia, nikasikia ukisema, "Mwambie asome vizuri," na sikutoka mpaka mlio wa pikipiki ulipopotea.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo niliteseka. Hapana. Baada ya hapo nilipata wateja. Mwenye duka la misumari na mabati alinitafuta mwenyewe. Ikafuata farmasi moja, kisha kanisa. Watu walisema yule binti hata mama yake mukubwa hakumwachia, huyo ndiye wa kumpa kaye. Walisema mbele yangu, nami nikainamisha macho kwa unyenyekevu wa uongo. Nilinunua viatu vipya. Ripoti yangu ilipata pointi nyingi kuliko zote darasani, na ukurasa uliosifiwa ni ule wenye aibu yako.

Kisha mama mmoja wa kikundi alikuja kwetu. Simtaji hata hapa, wewe unamjua. Alikataa kiti, akakaa chini. Akanieleza kwamba ziwa lilipomchukua mume wake na mwili usipatikane, wewe ulikuwa unamletea beseni la ndagala asubuhi na mapema, unaliweka ndani, unaondoka bila kukaa. Alinieleza kwamba nyinyi watatu mlioanzisha kikundi mlikubaliana hivyo tangu mwanzo. Mtunza ghala ana ruhusa kutoa beseni kwa nyumba ambayo watoto wanalala njaa, na asiulizwe, ili asiwepo mama wa kunyooshewa kidole sokoni. Mmoja wenu amekufa, mwingine amevuka kuishi Bujumbura. Wengine waliingia baadaye na hawakuambiwa. Umebaki wewe peke yako na viduara vyako.

Siku ile alikuwa amekaa nyuma ya chumba. "Nilitaka kusimama," akaniambia, "miguu ikakataa." Alikuwa anaangalia mdomo wako tu. Neno moja lingekuokoa, nawe ulilimeza kwa ajili yake.

Sikuweza kumlaumu, kwa sababu miguu yangu mimi ilikataa miezi mitano mingine. Nakuambia bila kupamba: nilijua ukweli, na kila wiki nilikwenda farmasi, nikafungua rejista, nikapokea malipo. Nilijiambia nangoja mitihani iishe. Mitihani ikaisha. Nikajiambia nangoja mvua ipungue. Mtu akiwa mwoga hakosi sababu.

Kilichonishinda ni Furaha. Alikuja kuuza mchele, akapita kwetu, akamwambia mama kwamba akina mama wa parokia huko walikuchagua uwatunzie sadaka yao, kisha mtu mmoja kutoka huku kwetu Uvira akanong'ona habari ya mabeseni, wakakunyang'anya. Furaha alisema hukulalamika, ulisema tu umechoka, wampe aliye kijana. Nilikuwa nakula. Niliacha sahani, nikanawa mikono. Hata huko nimekufuata, Mama Mukubwa, kwa karatasi zangu zilizochapwa vizuri.

Jumamosi iliyopita nilisimama mbele ya kikundi. Siri ya viduara si yangu, kwa hiyo sikuitoa. Nikasema hesabu ilikuwa sawa kabla sijaigusa, na aliyekosea ni mimi. Wakauliza nilikosea wapi. Nikasema nilihesabu kitu nisichokijua, tena nilikatazwa. Mwenyekiti akaniuliza kama basi mimi ni kontable nisiyeweza kuhesabu mabeseni. Nikajibu ndiyo. Wakacheka, wengine wakakasirika. Yule mama alifunika uso kwa kitenge akalia, na watu wakadhani ananihurumia mimi.

Wamekubaliana urudishiwe ulicholipa. Bahasha ninayo. Jumatatu mwenye farmasi alituma mtu kuchukua rejista zake, na wa misumari alikuja mwenyewe, akachukua zake mezani bila salamu. Kanisa bado, nadhani hawajasikia. Prof naye nitamwambia, na kama ni kuanza staji upya, nitaanza. Nina miaka ishirini na miwili, nitapata wateja wengine au sitapata. Wewe una umri ambao mtu hajengi jina mara ya pili, na mimi ndiye niliyelibomoa.

Nimekukosa sana. Sitaki kukuandikia nisamehe halafu nikakaa nangoja jibu kama mtu aliyetuma vocha. Jumapili nakuja. Sitapitia nyuma ya nyumba kwa Furaha. Nitakuja kanisani, na misa ikiisha, akina mama wakiwa wamesimama nje wanasalimiana, nitapiga magoti mbele yako na kuwaambia wote kwamba mwizi wanayenong'ona habari zake hayupo, kuna mtoto aliyeandika uongo kwa wino mzuri. Ukinigeuzia mgongo, nitabaki hapohapo chini mpaka wote wawe wamesikia. Nilikuvua nguo mbele za watu, Mama Mukubwa. Siwezi kuja kukuvika kwa siri jikoni.

Mtoto wa mdogo wako,
Riziki