Baba Shija, Lile Shimo la Chini ya Kitanda Limeonekana

Mpendwa Baba Shija,

Nakuandikia nikiwa Kolandoto, kwenye chumba kipya chenye sakafu ambayo haijawahi kuchimbwa na mtu. Nimehama Kharumwa. Najua ungeuliza kwanza habari za kuku, basi kuku nimewauza wote isipokuwa yule mtetea mwekundu, ambaye amesafiri na mimi kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, akiwa amekaa ndani ya sufuria ya ugali. Lakini kuku si hoja. Hoja ni kwamba lile shimo lako limeonekana.

Usishtuke. Au shtuka kidogo, unastahili.

Unakumbuka siku tuliyoingia nyumba ya Bi Mwanaidi? Uliuza baiskeli yako, wewe fundi baiskeli, ili tuweke amana ya miezi mitatu, laki moja na themanini, juu ya kodi yenyewe. Mkataba aliuandika yeye kwa kalamu nyekundu: tukihama nyumba ikiwa kama tulivyoikuta, amana inarudi yote; ikiwa na dosari, anakata. Ukasaini haraka haraka, ukaniambia, "Mama Shija, hiyo pesa ihesabu iko benki." Benki gani hiyo, mume wangu, ambayo wewe mwenyewe ulikwenda kuitoboa sakafu?

Maana hukumaliza hata mwaka. Jirani alichimba choo, akatoa jiwe jeupe lenye michirizi, na wewe ambaye hujawahi kushuka kwenye shimo la mchimbaji hata siku moja ukarudi nyumbani macho yamebadilika. Ukasema mkanda wa dhahabu unapita chini ya kitanda chetu. Nikakuuliza umejuaje. Ukasema, "Umeelekea huku," ukaonyesha kwa kidevu.

Wiki tatu, kila alfajiri, wewe uko chini na sururu iliyofungwa matambara isisikike, mimi niko kizingitini nachambua maharage ili mtu asiingie. Wapangaji wenzetu waliamini sisi hatuli kitu kingine. Udongo ulitoka kwa kapu langu la sokoni, ukaoshwa kwenye beseni langu la kuogea, ukamwagwa chini ya mpapai. Bi Mwanaidi alipokuja kuchukua kodi akasimama uani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mmeuinua ua vizuri. Sasa maji hayatatuama." Ukamjibu, "Tunajitahidi, Bibi." Nilikuwa na hasira nawe siku ile, lakini ilibidi niingie ndani nijizibe mdomo kwa kanga.

Ulipofika futi tisa nikachoka. Nikafunga nguo zangu kwenye shuka nikakwambia uchague, shimo au mimi. Na ulifikiri kwanza. Nilikuona ukifikiri, usinikatalie. Kisha ukaanza kurudisha udongo kimya kimya, ukapiga saruji juu, saruji yenyewe mchanga mtupu, na kitanda tukakirudisha mahali pake. Ua ukashuka tena. Bi Mwanaidi akailaumu mvua.

Tangu hapo kitanda hakikusogezwa, na mimi sikukupa nafasi ya kusahau. Chumvi ikiisha, nakutajia shimo. Karo ya Shija ikichelewa, shimo. Hata ulipolazwa mara ya mwisho, ukalalamika kwamba kitanda cha wodi kinabonyea, nikakwambia angalia chini yake, labda kuna mtu anachimba. Ulicheka mpaka muuguzi akaja. Nashukuru Mungu kwamba ulicheka.

Sasa sikia. Shija amejifungua mtoto wa kiume, na amepewa jina lako. Akaniita nije kumsaidia, lakini yeye na mumewe wana chumba kimoja, na wewe unajua siwezi kulala chumba kimoja na mkwe wangu hata kama dunia inaisha. Wakanitafutia hiki, hatua chache kutoka kwao. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kabla ya Jumamosi, la sivyo anampa mtu mwingine. Nikakusanya, nikauza kuku, nikakopa kwa dada yako, nikabaki napungukiwa karibu na ile laki na themanini. Kwa hiyo mjukuu wangu nilikuwa nimetengwa naye na kitu kimoja tu, nacho ni sakafu uliyoipiga wewe.

Na Bi Mwanaidi hajawahi kumrudishia mtu amana nzima. Yule mwalimu wa chumba cha mbele alikatwa nusu kwa sababu ya misumari kumi na moja. Bibi alikaa na kila tundu la msumari, akalitia kidole, akaandika.

Basi wiki nzima nikawa fundi. Nilisugua ile saruji yako, nikaipaka majivu, nikaipaka rangi ya kiatu, na kadiri nilivyoipaka ndivyo ilivyozidi kuonekana. Katikati ilikuwa imebonyea kiasi kwamba maji ya kudekia yalikusanyika pale. Mwishowe nikatandika mkeka, nikaweka magunia juu yake, nikamwambia dereva wa kirikuu abebe vitu vingine vyote kwanza.

Bi Mwanaidi alifika na fimbo yake na daftari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Hebu tuanze na madirisha."

Akahesabu vioo. Akagonga kuta. Akafungua na kufunga mlango mara nne. Mimi namfuata nyuma nikitokwa jasho mpaka kwenye nyayo. Alipoingia chumbani akayaona magunia, akasema yatolewe. Nikasema ni mazito. Akamwita dereva, na dereva, mtu asiye na akili hata kidogo, akayabeba yote mawili kwa mkono mmoja. Bibi akaukunja mkeka kwa fimbo, akagonga. Du, du.

"Hapa pana nini?"

"Pana sakafu, Bibi."

"Mwanangu, mimi nina nyumba sita. Sakafu hailii ngoma."

Nikaona heri nitapike yote niaibike mara moja. Nikamwambia: marehemu alichimba chini ya kitanda, alitafuta dhahabu, hakupata kitu, akafukia. Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Alimtuma dereva nje, akarudishia mlango, akaegemea fimbo yake.

"Mlikwenda futi ngapi?"

"Kama tisa."

"Mkakuta nini?"

"Udongo. Na mwishoni jiwe jeupe, Bibi, jiwe tu."

"Jeupe." Alilitamka taratibu. "Lina michirizi?"

"Lina michirizi, lakini hakuna kitu. Naapa hakuna kitu."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akificha andazi. "Mama Shija, mimi nimeishi huku miaka arobaini. Angalia kuanzia hapa mpaka Geita, mashimo matupu yamejaa, yako wazi, mbuzi wanatumbukia. Nani umemwona anafukia shimo tupu, halafu analipigia saruji, halafu analiwekea kitanda?"

Hakika, Baba Shija, nani? Nikamwambia tena kwamba halina kitu. Nikamwambia mara ya tatu. Kila nikisema ukweli, yeye alizidi kutabasamu, na mwisho akafungua pindo la kanga akanihesabia laki moja na themanini, yote, bila kukata hata msumari mmoja.

Ningeondoka pale pale. Lakini akaushika mkono wangu kabla sijazifunga noti.

"Au ziache hapa," akasema. "Tuwe wabia. Mimi nagharamia uchimbaji, theluthi ni yako. Mimi si mtu wa kudhulumu mjane."

Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu sijamwambia mtu mwingine, hata Shija. Mimi ndiye niliyechambua yale maharage. Mimi ndiye niliyeliona lile beseni likibaki tope kila siku. Ninajua kuliko mtu yeyote aliye hai kwamba mle hamna kitu. Na bado mkono wangu ulikataa kufunga zile noti. Nilisimama pale nikifikiria lile jiwe jeupe. Nikafikiria kwamba hukuacha kwa hiari yako, mimi ndiye niliyekuachisha. Nikaanza kupiga hesabu ya theluthi, nikaezeka nyumba, nikamnunulia mjukuu ng'ombe watatu. Mjukuu mwenyewe nilikuwa nimeshamsahau kwamba yuko Kolandoto anangoja. Dereva alipiga honi mara ya pili ndipo nikazinduka, nikazifunga pesa, nikaaga, nikatembea haraka kama mwizi.

Njiani nililia, yule mtetea ananitazama. Miaka yote ile nilikuita mpumbavu kwa kitu ambacho mimi kimenikamata kwa dakika mbili tu, tena mchana kweupe, tena najua. Nisamehe. Ulipofikiri kwanza kabla ya kunichagua, sasa najua ulikuwa unajikokota kutoka mbali sana, na hata hivyo ulinichagua.

Jana Bi Mwanaidi alipiga simu. Ameweka wachimbaji wawili, wamefika pale ulipoishia, na kesho wanalivunja lile jiwe. Alitaka tu kunisalimia, alisema, na kuniuliza kama sijuti.

Nimekaa hapa na mtoto mapajani, mwenye jina lako na masikio yako, na nimeshindwa kusali. Nikiomba wasipate kitu, nakuombea wewe uwe ulikosea. Nikiomba wapate, basi ni mimi niliyekutoa kwenye dhahabu yako kwa kufunga nguo kwenye shuka. Nimesema tu, Mungu, mpe Baba Shija anachokitaka, halafu nikanyamaza, kwa sababu naogopa bado unaitaka ile dhahabu.

Lala salama huko uliko, na usichimbe.

Ni mimi, mkeo uliyemchagua baada ya kufikiri,
Mama Shija