Mwanamke wa Mgongo Mkubwa

Mama Colette mpendwa wa redio yetu, naomba msaada wako kabla sijafunga mzigo na kurudi Banalia kwa mama, maana mume wangu Ezéchiel amepata mwanamke, na wala hamfichi, anamchora.

Mimi ni Florentine, nauza kwanga, ile mikate ya muhogo, tunakaa kwenye njia ya Bangboka, na Ezéchiel ni mchoraji, zamani picha zake zilikuwa safi kabisa, kasuku, mto, michikichi ambayo unaweza kuhesabu majani yake moja moja, wageni walikuwa wanazinunua, lakini tangu vita mashua za Kinshasa hazifiki, wageni hakuna, rangi hakuna, basi ikabidi tuende wote sokoni kila asubuhi, mimi mbele na beseni kichwani, yeye mbali nyuma na mzigo wa kuni, kwa sababu ya bariera ya askari pale barabarani, unajua mwenyewe mama jinsi wanavyokamata wanaume kubeba mizigo ya askari na wengine hawarudi, kwa hiyo mimi nikiona wanakamata naweka beseni chini kana kwamba nimechoka, yeye akiona hivyo anaingia majanini, ndivyo tunavyoishi.

Sasa tangu tuanze kutembea hivyo uchoraji wake umeharibika. Tukirudi anachukua gunia tupu la unga, udongo mwekundu, masizi ya sufuria na mawese yangu ya kupikia, anapaka kwa kitambaa, mara kwa kiganja, haraka haraka, barabara imepinda, mbingu anaivuta mara moja tu, miti haina hata jani, na katikati kila siku ni mwanamke yule yule, ametugeuzia mgongo, mkubwa kuliko nyumba! Wala si mzuri, bega moja limeshuka, kitenge kimefungwa ovyo, visigino vinatazama nje, na matako, Mama Colette, hayo nisiyaseme redioni. Nikamuuliza ni nani, akanijibu bila aibu, "Ni weye, Florentine," nikamwambia, "Mimi niko na mugongo ya vile? Unaniona mutoto?" akaendelea kupaka. Nikamwonyesha Zaina, jirani yangu, naye akaziba mdomo akasema, "Bon, mi sisemi kitu," kumbe na yeye anamjua! Nimewachunguza wanawake wote wa njia ile, simwoni. Nimemwambia Ezéchiel arudie kasuku wake la sivyo naondoka, na huyu mume ambaye hajawahi kunikatalia kitu akasema, "Kasuku siwezi tena." Bado nampenda, hilo ndilo linaloniuma, nifanye nini, niyachome hayo magunia au niende zangu?

Florentine wa njia ya Bangboka

Florentine, mwanangu, nimecheka mpaka Tonton Henri, fundi wetu wa mitambo, akachungulia kuuliza kama niko mzima. Nyani haoni kundule! Kioo chako nakijua bila kufika kwako: ni kile kidogo cha sokoni, kinaonyesha uso, tena nusu. Mgongo wako hujauona tangu uzaliwe. Watu wawili wamekwambia ukweli, mmoja kwa kuufungua mdomo na mwingine kwa kuuziba. Unabeba beseni la kwanga kila siku, mkono mmoja juu, halafu unashangaa bega kushuka? Umemtafuta mwanamke njia nzima, na ni wewe uliyekuwa unamtembeza.

Bon, kicheko kimekwisha, nisikilize. Unasema uchoraji umeharibika. Mtu anayetembea kwa hofu hahesabu majani. Kila asubuhi Ezéchiel anaangalia kitu kimoja tu: beseni liko juu, au limeshuka? Mgongo wako ndio unaomwambia kama leo atalala nyumbani. Ulitaka auchore mdogo? Kasuku alikuwa anawachora vizuri kwa sababu hawakumhusu. Sasa anachora kinachomhusu, na rangi anaokota barabarani na jikoni kwako, na wewe unauliza kama uyachome! Hapo umenikasirisha, nakwambia wazi. Mume wangu mimi, papa wa nyumbani kwangu, miaka yote hii, hajui hata navaa kitenge gani.

Nakuelewa pia, mwanangu. Vita imetuchosha wote, na mtu aliyechoka anaona mwizi hata pale anapopendwa.

Alors, fanya hivi. Mzigo wa Banalia usiufunge. Magunia uyatundike ukutani, mbali na moshi. Mawese mpimie chupa yake mwenyewe, asiguse ya kupikia. Halafu umwombe msamaha kwa kumwona mwongo, umwombe kwa maneno, si kwa kumwongezea samaki kwenye sahani.

Bariera mimi siwezi kuiondoa. Jumatatu utatangulia tena, na sote tunajua kwamba mwanamke aliyetangulia hageuki nyuma, maana askari watajua kuna mtu anakuja. Lakini njia ya kwenda misa haina bariera. Jumapili hii acha beseni nyumbani, tangulia kama siku zote, na ukifika katikati ya njia, geuka. Simama hapo umwangalie mpaka akufikie. Tangu vita ianze, huyo mwanaume hajauona uso wako njiani hata mara moja.