Asante ya Dawa Isiyo Yangu

Dada Riziki mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Buffalo. Theluji inaanguka tangu asubuhi, na Shangazi Nyota analalamika kwamba supu ya hospitali haina chumvi. Nimekuja kwa basi kutoka Louisville nikae naye wakati anatiwa dawa ya saratani. Dawa yenyewe ina platini, metali ileile niliyoitafiti miaka yote niliyokuwa mtafiti kule Columbus. Unakumbuka nilivyojigamba kwenye simu? Molekuli zangu ziliishika platini vizuri, zikaua seli za saratani ndani ya chupa za maabara, kisha zikaharibu figo za panya. Utafiti ukafungwa. Sasa napima maji machafu ya kiwanda kule Jeffersontown, karibu na Louisville.

Leo muuguzi alipotundika dripu, Shangazi alinishika mkono, akamwambia muuguzi kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: "Hii dawa, mtoto wangu ndiye alitengeneza."

Muuguzi akafurahi, akakimbia kumletea Shangazi blanketi la moto.

"Shangazi, si mimi," nikamwambia. "Hii ni ya watu wengine. Yangu ilishindwa."

"Bon, sawa, najua," akajibu. "Lakini jana nilitetemeka hapa na baridi, hakuna mtu aliniangalia."

Muuguzi aliporudi alinishukuru mbele ya wagonjwa wote, nami nikaitikia. Dada, ilikuwa chungu kuliko kwinini. Kwa kazi yangu yote, hiyo ndiyo asante pekee niliyowahi kupewa.

Wabusu watoto. Mkipika sombe ya majani ya muhogo Jumapili, ule na sehemu yangu.

Mdogo wako,
Neema