Mama Yako Ameacha Kuniomba

Baba Akiru,

Ulikufa ukaniachia safari yako. Mimi sikuitaka, unajua. Miaka mitatu ulinisumbua na Kitengela, Kitengela, shule nzuri, maji ya mfereji, na kila mara nilikujibu uhame wewe na lori lako. Ulicheka tu, ukaendelea kujenga vyumba vyako viwili kila ulipopeleka mzigo Nairobi. Mwaka jana tukakuzika Lodwar, na Januari hii nikapakia vitu kwa mikono yangu. Nilikataa uliponibembeleza, nikaenda ulipokuwa huwezi tena kunibembeleza. Nina hasira nawe kwa hilo mpaka leo, na nimekukosa vilevile.

Sikuweza kukaa katika ile nyumba. Na Lodwar yenyewe haikaliki siku hizi. Tangu watangaze kwamba kuna mafuta, wageni wanashuka kila siku na mafaili yao, nyumba za kupanga zimejaa, na sasa serikali ya kaunti nayo inakuja na watu wake. Sisi tumetoka wakati dunia nzima inaingia. Mdogo wako alisema nimerukwa na akili. Yeye amebaki na nyumba na mbuzi wa mama, na anapaangalia pale ulipolala. Nilimwonyesha namna ya kupanga mawe upya upepo ukileta mchanga.

Hapa situlii. Cherehani nimekihamisha mara nne: dirishani, mlangoni, barazani, ndani tena. Nashona sare za shule, kazi ipo, siwezi kulalamika. Lakini kila nikimaliza gauni moja nasimama, nafungua geti, naangalia barabara, nafunga. Sijui namngoja nani. Mwanao Ewoi amejifunza Sheng kwa mwezi mmoja, anamsalimia nyanya yake "niaje". Akiru aliulizwa darasani kama kwetu watu wanaishi kwa matunda ya mwituni. Siku hizi akiulizwa kwao ni wapi anasema Kitale.

Ila barua hii ni ya mama yako.

Unakumbuka ulivyonishika mkono hospitalini, nilipokuwa natazama ukuta ili nisikutazame wewe. Ulisema, "Popote utakapokwenda, usimwache mama nyuma." Nikaahidi. Kumtoa hakukunipa shida niliyoiogopa. Mtu aliyehama maisha yake yote na mifugo, Nakalale kwenda na kurudi, utamtisha na Kitengela? Alikunja ngozi yake ya kulalia, akavaa shanga zake zote, akapanda mbele na dereva. Njiani alimwomba yule dereva kofia yake. Akakataliwa, akaomba tena. Tulipofika Kitale dereva alikuwa anakataa huku anacheka, na walikuwa marafiki.

Na wewe ulikuwa hivyohivyo. Siku ya kwanza kukuona, kule Kakuma, nilikuwa nashona nje ya duka la yule mama mkimbizi kutoka Sudan, ukaleta suruali iliyochanika goti. Nikiwa nashona uliniomba chai yangu, ukaniomba kiti nilichokalia, ukaniomba redio. Nilikunyima vyote. Kesho yake ukarudi, huna cha kushonwa, ukaniomba mkasi. Yule mama akaniambia, "Huyu hataki kitu yako. Huyu anataka wewe." Miezi miwili nilikunyima kila kitu, na jioni usipokuja kuniomba nilikuwa siwezi hata kupitisha uzi kwenye sindano.

Basi siku ya tatu hapa Kitengela mama alisimama kwenye geti la jirani, Mama Wambui, akamtazama juu mpaka chini akamwambia, "Hii sweta yako iko mzuri. Wewe patia mimi." Kesho yake akamwomba beseni. Kesho kutwa tumbaku. Mama Wambui ni mtu wa watu, kweli, lakini angejuaje kwamba anasalimiwa? Alifikiri tunakufa njaa.

Jumapili alikuja na wanawake wanne wa kanisa lake. Walileta unga, maharagwe, mafuta ya kupikia na gunia la nguo kuukuu. Wakasimama sebuleni wakatuombea, mmoja akiwa ameweka mkono juu ya kichwa cha Akiru. Mtoto alikuwa ameinama, machozi yanamdondoka, na wao wakadhani ni Roho. Mimi nilikuwa na sufuria ya nyama jikoni, Baba Akiru. Ilikuwa inanukia. Nilisema amina, nikasema asante, nikawasindikiza mpaka getini.

Nikarudi ndani nikamgeukia mama yako. Ulimi hauna mfupa. Nilimwambia hapa watu hawaombani, kwamba ametuvua nguo mbele ya watu, kwamba wanafikiri sisi ni ombaomba. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajibu neno moja tu, "Ejok." Nikadhani ni sawa ya kukubali.

Kweli aliacha. Aliacha kumwomba Mama Wambui, akaacha kuwaomba wapita njia, na akaacha kuniomba mimi. Tumbaku yake ilikwisha, hakusema. Chai nikisahau sukari, anakunywa hivyohivyo. Nilisafiri mpaka Nairobi nikamtafutia tumbaku, nikaiweka kando ya ngozi yake, na ikakaa palepale kwenye karatasi yake kwa sababu hakuiomba. Wiki tatu, Baba Akiru. Miaka kumi na tano yule mama ameniomba kila kitu ninacho, pamoja na viatu nilivyoolewa navyo, na nilikuwa nachoka naye, nilikulalamikia, unajua. Sasa nilitamani aniombe hata kijiko. Kwetu unamwomba mtu wako. Usipomwomba, si wako.

Niliogopa. Niliogopa kwamba nimemleta mama yako mbali hivi ili aje afe akiwa mgeni wangu.

Nikaenda kwa Mama Wambui. Nilipita lile geti lake mara mbili kabla sijabisha, mimi niliyekuwa nikigombana na madereva wa malori Kakuma. Nilimweleza kwamba tuna chakula. Nilimweleza kwamba kwetu ukimwomba mtu kitu umemheshimu, na yeye akikunyima mnacheka na kesho unaomba tena. Alifunika mdomo kwa kiganja. "Ngai, na mimi nikampelekea maharagwe." Tulicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimecheka hivyo tangu uondoke, na katikati ya kile kicheko nikaanza kulia, naye akaniacha nilie bila kuniuliza kitu. Ndiyo maana nampenda.

Jumamosi alikuja kwetu mikono mitupu. Akachuchumaa mbele ya mama akamwambia, "Nyanya, hizo shanga zimenimaliza kabisa. Nipe."

Mama akamtazama juu mpaka chini. Halafu akashika shanga zake kwa mikono miwili. "Nikipatia wewe hii, shingo yangu itavaa nini? Wewe patia mimi kuku."

"Kuku anataga, nyanya. Nipe hata bangili."

"Bangili imekataa kutoka. Patia mimi sweta."

Waliendelea kunyimana hivyo mchana mzima. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, na sikujali.

Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa wameenda shule, aliniita. "Mama Akiru. Nipe tumbaku." Ilikuwa pale kando yake, wiki tatu iko pale, lakini niliichukua nikampa kwa mkono wangu kana kwamba nimeitoa mbali. Alitafuna taratibu. Nilikaa chini kwenye ngozi yake, na kwa mara ya kwanza tangu Januari sikutaka kusimama.

Kisha akasema, kwa lugha yetu, bila kunitazama, "Nipe na kitu kingine. Nirudishe kwa mtoto wangu. Wewe wako uko nao hapa, na jirani umepata. Wangu yuko kule peke yake."

Nilitafuta kicheko cha kumnyima. Sikukipata.

Tangu Jumatatu nabishana nawe nikishona, nikipika, nikifunga geti. Nilikuahidi, na wewe huwezi kunijibu. Ulisema nisimwache nyuma. Lakini kwake yeye, Baba Akiru, aliyeachwa nyuma ni wewe. Alinyamaza siku tunapakia vitu, akapanda gari kwa sababu nilimwambia ndivyo ulivyotaka. Mimi sikumuuliza. Wala wewe hukumuuliza.

Sasa ni zamu yangu kukuomba. Nilikunyima chai na redio na mkasi, najua, na una haki ya kunilipiza. Lakini hili nipe. Niachilie ile ahadi.

Shule zikifungwa mwezi wa nne nitampeleka mwenyewe, tutakaa mbele na dereva, na dereva akiombwa kofia nitamtetea. Nitakaa kwako siku chache, niyapange mawe kwa mkono wangu, kisha nitarudi kwa watoto. Nitawalea hapa ulipotaka wakue, na Akiru nitamfundisha kutaja kwao bila kuinamisha kichwa. Hilo nakuahidi, na hilo halimtegemei mtu mwingine.

Kaa salama, baba wa watoto wangu. Mama yako nitamwacha, ndiyo. Nitamwacha kwako.

Mama Akiru