Wimbo Niliomdai Mjane

Kibiti, Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi sijatia mguu nje.

Nimezingua. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nasoma mambo ya China, lugha yao na historia yao na sisi. Mwaka huu nilipata ruzuku ndogo ya utafiti, ile wanayopewa wanafunzi wa fani yetu ili watoke maktabani wakakae na watu. Nilirukaruka kama mtoto. Msimamizi wangu akaniambia, ruzuku ndogo, swali dogo. Sikumsikia. Nikaandika kwamba nitachunguza biashara ya kaa huko delta, wavuvi wetu na wanunuzi wa Kichina, kwa sababu lilikuwa jambo la kisasa na lina kishindo.

Wiki zangu zikaishia kwenye matope ya mikoko. Wanunuzi hawakutaka kuongea na mtu mwenye maswali, hata aliyewaamkia kwa lugha yao.

Na muda wote huo Mzee Mbonde alikuwa Ruaruke ananingoja. (Majina nimebadilisha.) Yeye na mkewe, Bi Somoe, walikutana ujanani kwenye shamba la mpunga walikokuwa Wachina waliokuja kufundisha kilimo. Huko walijifunza wimbo wa kazi, wa Kichina. Bibi anaita, mzee anaitikia. Waliuimba mpaka uzeeni, wakipalilia, wakianika mpunga, hata wakigombana.

"Njoo hata Ijumaa, mtani, tukuimbie wote wawili," aliniambia. "Mtu mmoja haukamilishi."

Mtani, kwa kuwa mimi Mmatumbi na yeye Mndengereko. Nikamjibu, nakuja mzee, nimalize kwanza delta. Kila alipopiga simu jibu langu lilikuwa hilohilo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nililijua hilo tangu darasa la pili.

Juzi Alhamisi simu yake ikaita, nikapokea nikiwa na udhuru mdomoni tayari. Alikuwa mwanawe, Seif. Mzee amefariki, anazikwa baada ya adhuhuri.

Kwa asiyejua utani wetu: mtani ana haki yake msibani. Anaweza kuzuia jeneza mlangoni, akadai mpaka apewe chake. Watu wanacheka, moyo unapoa kidogo, anapewa noti au kanga, anapisha. Hakuna anayemkasirikia. Akikosekana, ndipo watu wanauliza.

Basi nilipofika Ruaruke, nikasimama mlangoni nikatanua mikono. "Mbonde hatoki hapa! Ana ahadi na mimi. Nataka wimbo wangu wa Kichina, la sivyo leo mtazika mgomba!"

Watu wakaangua kicheko. Seif akanitolea noti huku anafuta macho, nikaikataa. "Loo, mtani huyu kakomaa!" akasema mama mmoja kutoka ndani.

Walidhani natania. Simu ilikuwa mfukoni mwa kanzu, inarekodi. Niliiwasha kabla sijafungua mdomo.

Astaghfirullah.

Bi Somoe alisikia, na mtani akidai hanyimwi. Kutoka chumbani, katikati ya wanawake wenzake, ikaja sauti nyembamba ikiimba Kichina. Vijana wakazidi kucheka, maana kwao ilikuwa kichekesho juu ya kichekesho. Shehe akainamisha uso. Bibi alipomaliza nikapisha njia, mzee akatolewa.

Leo msimamizi ameniandikia: ripoti ya ruzuku inatakiwa mwisho wa mwezi, una nini mkononi? Nina ile rekodi tu. Na ni nzuri, jamani. Ni kitu cha kumfungulia mtu njia mpaka China kwenyewe. Lakini sharti la kwanza la ruzuku ni kwamba mtu akubali kurekodiwa kwa hiari yake, na mjane niliyemzuilia maiti ya mumewe hakukubali chochote.

Kwenda kumwomba siwezi. Yuko eda, na mwanamume wa kando kama mimi haendi kuketi naye akamhoji. Eda itakapoisha, muda wa ripoti utakuwa umeshapita. Dada yangu amejitolea aende akaniombee, nimemkatalia. Bibi wa watu atasema nini, mume hata tanga halijaondolewa? Atasema "haya" tu, kama alivyoimba tu siku ile.

Nimemjibu msimamizi kwamba sina kitu. Nitaandika kurasa chache za kaa, waniite mvivu, na ruzuku nyingine nisahau. Sauti yenyewe sitaiweka hapa, msiniombe. Eda ikiisha nitakwenda Ruaruke, nimpe simu mkononi asikilize mwenyewe. Akisema ifutwe, nitaifuta mbele yake.

Nimeisikiliza asubuhi hii, mara moja tu, na hilo la ripoti likawa dogo. Pale msibani hakuna aliyeelewa kile Kichina ila bibi mwenyewe na mimi. Ni wimbo wa watu waliozama hadi magotini kwenye tope. Anayeita anauliza, "Umechoka?" Wanaoitikia wanajibu, "Bado!" Basi, ndio wimbo wote.

Bi Somoe aliuliza, kisha akanyamaza, akamwachia mumewe nafasi ya kujibu. Akauliza tena, akanyamaza tena. Kwenye rekodi, pale penye jibu, kuna kikohozi cha mtu na kuku anayelia uani.

Jibu nilikuwa nalijua. Ni maneno mawili tu ya Kichina, na nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, jeneza liko mbele yangu.

Nilinyamaza nisije nikaharibu rekodi.