Miezi Mitano Ambayo Halina Hakupimwa

Mwaka umetimia leo, Halina, tangu ututoke asubuhi ile ya theluji hapa mjini New Britain. Kiti chako karibu na jiko bado hakuna anayekikalia.

Miaka thelathini na moja ulifanya kazi katika maabara ya usemi. Ulibandika kwa gundi vidude vidogo kama punje za mtama, vyenye nyaya nyembamba, kwenye ndimi za watu, ili kompyuta ichore jinsi ulimi unavyokwenda mtu anapozungumza. Wanafunzi waliingia wakitetemeka. "Toa ulimi, mwanangu," uliwaambia, "kama unamkejeli mwalimu wa hesabu." Wakicheka tu, umeshamaliza.

Kila Jumatatu mashine ilijaribiwa kwanza kwa ulimi wako. Jioni ulikula supu ya bitiruti ikiwa imepoa, maana ulimi umechubuliwa na gundi, na hukulalamika. Mimi, niliyepata cheti changu cha sekondari shule ya usiku nikiwa na miaka arobaini na mmoja, niliwasomea wenzangu kiwandani ripoti zilizokutaja kwenye shukrani. Nilijivuna kama nimeziandika mimi.

Kisha ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukaanza kukulegeza, ulimi kwanza. Profesa Oyler, mkuu wa maabara yenu, akaja nyumbani. Alisema hajui ulimi mwingine uliopimwa miaka mingi hivyo ukiwa mzima. Ukiendelea kupimwa kila mwezi, huenda wangeona ugonjwa huu unavyoingia, na wengine wakagunduliwa mapema.

"Mke wangu si panya wa kupimwapimwa," nikamjibu.

"Mzee Bolek, ni yeye mwenyewe aliyeomba."

Ukaniangalia. Maneno yalikutoka mazito, lakini utani ulikuwa palepale. "Panya haendeshi gari, Bolek. Nipe funguo nijipeleke."

Nilijua vidole vyako haviwezi tena kuzigeuza. Nikazitia mfukoni. Nilidhani nakulindia heshima. Sikutaka watu uliowahudumia wakuone ukitokwa na mate.

Ulininunia siku tatu, halafu ukaacha kuomba. Binti yetu Danuta ndiye aliyenifokea: "Baba, unamlinda Mama, au unajilinda wewe?" Nilimfukuza jikoni. Ilipita miezi mitano ndipo nikawasha gari nikakupeleka maabara. Siku hiyo Profesa alijaribu mara nne, kikashika kidude kimoja tu. Akalia. Ukampapasa mkono kana kwamba mgonjwa ni yeye.

Mwezi uliopita alinionyesha karatasi yako. Imejaa michoro, mwaka baada ya mwaka, milima na mabonde. Kisha kuna nafasi tupu. Baada ya hapo kuna mstari mmoja, karibu umenyooka. Chini wameandika: "Miezi mitano haikupimwa." Sababu hawakuiandika, kwa kunistahi.

Sababu ni mimi, Halina. Ulitaka kuifanya kazi yako hadi mwisho, nami nikakuzuia. Wanaosoma gazeti hili na wajue hivyo, wasije wakadhani uliogopa.

Unakumbukwa na mumeo Bolek, watoto wako Danuta na Rysiek, wajukuu wako wanne, dada yako Wanda, na wenzako wote wa maabara.

Tutakukumbuka daima, kila mmoja kwa namna yake. Mimi kwa kukuomba msamaha.